Antena ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti

Nimetoka kugeuza antena. Mara ya ngapi leo, sijui. Napanda juu ya matofali nyuma ya bafu, nashika bomba kwa mikono miwili, nazungusha kidogo. Mama mkwe anapiga kelele dirishani. "Kushoto! Umepitiliza! Rudisha! Hapo hapo, usiachie!" Nikiachia, picha inaganda. Nikishika tena, inakuja. Yaani mawimbi yanataka mwili wangu. Nilisimama pale mpaka tamthilia yake ikaisha. Maharage yakaungua jikoni.

Akanisema kwa maharage.

Tangu Omari amlete mama yake hapa Tangini, siku zangu ndizo hizi. Walimkata mguu kwa ajili ya sukari, na hapa Kibaha hospitali iko karibu kuliko Kisarawe alikokuwa akiishi kwa binti yake. Sawa. Nilikubali. Nikafunga kibanda changu cha ushonaji pale kituo cha Kwa Mathias, nikarudisha vitambaa vya watu, cherehani nikaileta nyumbani. Iko pembeni sebuleni. Nimeifunika shuka. Mama anaweka dawa zake juu yake.

Haniiti jina. Ananiita mke wa Omari.

Kisarawe, anasema, picha ni kama kioo. Kisarawe wako juu, unachomeka waya tu unakaa. Kisarawe hakuna mtu wa kupanda matofali. Kila siku Kisarawe. Nimechoka na Kisarawe.

Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi: sindano yake, uji usio na sukari, kuosha kigutu na kukifunga. Kidonda hakijakauka vizuri. Kinatoa harufu. Nimezoea, au pua yangu imekufa.

Fundi alikuja mchana. Akazunguka nyumba, akatazama juu, akasema sisi tuko bondeni na ghorofa la jirani limetukinga. King'amuzi hakina tatizo. Akaunganisha bomba lingine juu ya lile la kwanza, akalifunga kwa waya wa chuma. Picha zikaja zote, hata chaneli ambazo hatujawahi kuziona. Mama akampa fundi dua ndefu. Mimi niliyemshikia ngazi sikupata hata neno.

Jioni upepo ukaanza. Watangazaji wakawa vipande vipande. Mdomo huku, jicho kule, sauti imekwama kwenye neno moja. Mama akasema fundi nilimchagua mimi, ndiyo maana.

Omari alirudi kutoka kazini Dar giza limeshaingia. Akatoka nje na suti yake, akagusa bomba kwa mkono mmoja, picha ikatulia palepale. Mama akacheka kwa furaha. "Mkono wa mwanangu huo." Omari naye akacheka.

Niliwachukia wote wawili. Nikawapakulia wali.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu. Omari yuko nyumbani lakini hayuko. Mpira ameenda kuutazama kibandani Kwa Mathias, kwa sababu hapa picha inaganda. Mimi siwezi kwenda popote kwa sababu picha inaganda.

Wifi Mwanaidi alipiga simu kutoka Kisarawe. Binti yake Nasra amechaguliwa kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani ya watoto. Yamesharekodiwa. Yataonyeshwa Jumapili ya wiki ijayo, alasiri.

Mama alipiga makofi. Sijawahi kumwona akipiga makofi. Amemlea Nasra tangu anatambaa, yeye ndiye aliyemfundisha alifu na bee kabla hajapelekwa madrasa. Alirudia hayo mpaka chai ikapoa. Kisha akanigeukia.

"Siku hiyo hiyo picha isije ikacheza, mke wa Omari. Nakwambia mapema."

Kana kwamba mawimbi nayatengeneza mimi.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo nimegundua kitu.

Nilikuwa naanika nguo nyuma. Shuka likajikunja kwenye waya wa antena pale unapoingilia dirishani. Nikalivuta. Ndani, tamthilia ikakatika. Mama akaita. Nikausukuma waya kidogo, ikarudi. Nikauvuta, ikakatika.

Hapo kwenye kiungio umelegea. Fundi hakukaza. Vuta kidogo, kioo kinakuwa cheusi. Sukuma, picha hii hapa. Hakuna haja ya matofali wala bomba.

Ningekaza kwa koleo. Kazi ya dakika moja.

Nikauvuta nikauacha hivyo. Nikaingia ndani nikamwambia mama kwamba leo mawimbi yamegoma kabisa, hata kwa jirani hawapati. Akanung'unika, akasinzia kwenye kiti chake cha magurudumu. Nyumba ikawa kimya. Nililala kwenye mkeka jikoni, usingizi mtamu kama wa nyumbani kwetu Kondoa.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo nilivyofurahi.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi alitema uji. Akasema umepikwa na mtu asiyejua uji. Mchana hakupata tamthilia.

Chakula chake alikula kimya, akasema asante. Jioni nilimpa taarifa ya habari yote, safi, mpaka hali ya hewa.

Hajui. Anadhani ni upepo. Lakini mwili wake umeanza kujua. Leo alinyamaza mara mbili alipotaka kunitukana. Nilimwona akimeza neno. Hivi ndivyo watu wanavyofuga mbwa.

Sijisikii vibaya. Nasubiri nijisikie vibaya, sioni kitu.

Jumatano, 14 Agosti

Mama Getruda, jirani yetu wa ng'ambo, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Nilifurahi kuona mtu. Nikachemsha chai, nikatoa vitumbua.

Televisheni ilikuwa inawaka. Ikaganda. Wallahi sikuigusa, mimi nilikuwa namimina chai. Ikarudi, ikaganda tena. Mama Getruda akasema kwa upole, "Mama, hata kwetu hizi antena zinatusumbua."

Mama mkwe akasema, "Hii ya hapa ni kama tumbo la huyu mke wa Omari. Inashika, inaachia. Inashika, inaachia."

Akacheka yeye peke yake.

Mimba zangu mbili. Ya pili ilishafikia kucheza. Mama Getruda aliinamisha uso kwenye kikombe. Mimi nikaendelea kumimina. Sikumwaga hata tone. Nikamuuliza kama anaongeza sukari.

Alipoondoka alinishika mkono mlangoni, akanishika sana. Heri angesema neno.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo sikugusa waya. Nimemwachia picha siku nzima. Atukane, acheke, atazame.

Jumapili ni ya Nasra.

Jumamosi, 17 Agosti

Omari amesema kesho anakwenda Kisarawe. Wifi ameita ndugu wote watazame pamoja. Nikamuuliza, na mama? Akasema mama kumpakia na kumshusha ni kazi, kiti chake hakiingii kwenye gari za huku, na kidonda chenyewe, watu watakuwa wanakula. Atatazama hapa hapa. Si antena imeshatengenezwa?

Alisema hayo sebuleni. Mama alikuwa palepale, anasikia. Akasema, "Nenda mwanangu. Mimi hapa nitamwona vizuri."

Kwa sekunde moja nilimwonea huruma. Halafu nikakumbuka vitumbua.

Jumapili, 18 Agosti

Nimefanya. Naandika kabla sijaanza kujidanganya.

Alitaka kuoga mapema. Nikamwogesha. Akataka kanga mpya, nikamfunga. Mtandio mweupe. Akaomba marashi, nikampaka nyuma ya masikio. Akakaa mbele ya televisheni kama mtu anayesubiri kufungishwa ndoa. Upepo haukuwepo. Picha ilikuwa safi kuliko siku zote tangu aje. Watoto wakasoma, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anafuata kwa midomo.

Nikatoka nje. Nilijiambia naenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kambani.

Nikasimama chini ya dirisha. Nikamsikia mtangazaji akitaja jina la Nasra na la baba yake na Kisarawe. Nikamsikia mama akisema, "Huyo! Huyo!" Nikasubiri mtoto avute pumzi. Akaanza, bismillahi, sauti nyembamba nzuri.

Nikauvuta waya.

"Mke wa Omari!"

"Nageuza, mama!"

Sikugeuza kitu. Nilikunja mikono nikaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa na joto la jua. Akaita tena. Akaniita mwanangu. "Mwanangu, fanya haraka, atamaliza." Nikajibu, "Nahangaika nayo, mama, imekataa." Sauti yangu ilikuwa tamu. Sikujua kwamba ninayo sauti ile.

Nilipoingia nilitegemea kioo cheusi. Hakikuwa cheusi. Sikuwa nimevuta ya kutosha, picha ilikuwa imeganda tu. Nasra yupo pale na hijabu ya kijani. Nusu ya uso imekuwa vibokisi. Jicho moja zima. Kinywa wazi. Sauti hakuna.

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Usiguse," akasema. "Usizime. Angalau namwona."

Alisogeza kiti kwa mikono yake mpaka magoti, goti, likagusa meza. Akaweka kiganja kwenye kioo. Akaanza kusoma yeye. Ile sura ya mtoto, aya kwa aya, kwa sauti ya kizee inayokatika, akimtazama lile jicho moja. Kana kwamba mtoto amesahau na yeye anamkumbusha.

Nilikwenda jikoni. Nilishika ukingo wa karo.

Niliporudi kioo kilikuwa kimekuwa cheusi chenyewe. Aliniomba maji. Hakunitukana.

Jumatatu, 19 Agosti

Omari alifika jana tumeshalala, leo ndiyo kasimulia. Nasra amekuwa wa tatu. Watu walilia. Nikauliza kama kuna aliyerekodi kwenye simu. Akasema hapana, kila mtu alikuwa anatazama, nani angekumbuka simu.

Basi hakuna tena. Kipindi kimepita.

"Mlimwona, mama?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Mama hakunitazama. "Tulimwona," akasema. "Kasoma vizuri. Picha ilikuwa kama kioo."

Omari akafurahi, akanipigapiga bega, akawahi gari.

Kwa nini amesema hivyo? Ningejua la kufanya kama angepiga kelele.

Jumanne, 20 Agosti

Kimya. Anakula anachopewa. Televisheni hajaomba iwashwe. Nimekaza kile kiungio kwa koleo. Picha haitikisiki hata kidogo sasa.

Haitazami.

Jumatano, 21 Agosti

Leo bafuni. Nilikuwa nammwagia maji mgongoni. Akasema, ametazama ukuta:

"Nilikuona."

Nikaendelea kummwagia.

"Pazia lile ni jepesi. Kivuli cha mkono kinaonekana. Tangu siku ile ya shuka nilikuona. Nikasema ngoja, nione atafika wapi. Jumapili umefika."

Nikachota maji mengine.

"Nikimwambia Omari, atakuacha. Leo leo. Namjua mwanangu." Akanyoosha mkono nimpe sabuni, nikampa. "Ukiachwa, nani ataniogesha? Mwanaidi?" Akacheka. Kicheko kilekile cha siku ya Mama Getruda. "Nimwagie hapa. Bado kuna povu."

Nikammwagia. Nikamfuta, nikampaka mafuta, nikamfunga kigutu, nikambeba mpaka kitandani. Mzito. Shingo yake inanukia mtoto mdogo.

Nimeogopa na nimeona aibu. Na hasira bado ipo. Haikwenda popote, imekaa palepale na hivyo vingine.

Ijumaa, 23 Agosti

Alidai nimkaangie samaki, nikakaanga. Akasema hataki tena, anataka dagaa. Nikatoka kwenda sokoni kutafuta dagaa. Ananijaribu. Ana haki hiyo, au hana, lakini anaitumia.

Wifi amepiga. Jumapili kuna dua ya kumpongeza Nasra, Kisarawe. Mama kaniambia nimwambie Omari kwamba safari hii na yeye anakwenda, hata kama ni kwa mkokoteni.

Jumapili, 25 Agosti

Omari aliazima gari la mwenzake wa kazini. Tulipita njia ya Kiluvya, vumbi. Mama alikaa nyuma na mimi, kichwa dirishani, anataja miti. Mkorosho wa fulani. Shamba la fulani. Alikuwa na furaha, akaniambia niangalie. Nikaangalia.

Kisarawe kweli wako juu, kweli picha ni kama kioo. Hilo hakudanganya. Televisheni kubwa ukutani, watu wamejaa sebuleni, mchele unanukia. Wifi akatupokea mlangoni. Akasema mama apelekwe chumbani kwake kwanza apumzike. Kiti hakikupita kwenye korido, kwa hiyo tulimbeba.

Chumba chake cha zamani. Kipo uani, nyuma ya sebule. Kitanda cha kamba, magunia ya mkaa, baiskeli mbovu. Dirisha dogo juu. Ukuta mmoja unapakana na sebule. Pale kitandani, upande wa kichwa, rangi ya ukuta imechakaa duara jeusi la mafuta ya nywele. Nikaelewa. Pale ndipo alipokuwa akiegemeza sikio.

Hakuwa akitazama. Miaka yote hiyo ya picha kama kioo, alikuwa akisikiliza ukutani.

Akaona nimeona. Akageuza uso.

Nasra alikuja kusalimia. Alisimama mlangoni. "Shikamoo bibi." Ameshika ncha ya hijabu, ameziba pua.

"Marahaba mama. Njoo ndani. Njoo unisomee ile yako."

"Nimechoka bibi."

"Kidogo tu. Mwanzo tu."

Mtoto akanitazama mimi. "Mama kasema tusiingie, kidonda kinanuka." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. Sebuleni wakamwita, akakimbia.

Naandika ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Fupi, kali. Umeyaona, nikamwambia kimoyomoyo. Kisha nikamtazama yule mzee amekaa juu ya kamba na kanga yake mpya, na ile raha ikanikwama kooni kama mfupa.

Dua ikasomwa upande wa pili wa ukuta. Tuliisikia yote. Aliitikia amina. Sahani yetu ililetwa na msichana wa kazi.

Nilimfuata wifi jikoni nikamwambia mbele ya wageni kwamba kidonda nakiosha mimi kila siku na hakijaniua. Akaniambia, "Wewe hata mtoto wa kuosha huna, muoshe huyo." Wanawake wakaangalia masufuria. Wamefanana, mama na binti. Mdomo mmoja.

Niliporudi chumbani mama alikuwa anajaribu kujifunga mtandio. "Mke wa Omari, niondoe hapa," akasema. "Waambie naumwa."

Nikawaambia anaumwa.

Tulipofika barabara ya Morogoro akasema nilimkalisha vibaya, mgongo unamuuma, kwamba sijui hata kumkalisha mtu. Omari akacheka. Mimi nikamsogeza, nikamwekea mkoba wangu mgongoni.

Jumatano, 28 Agosti

Matusi yamerudi. Uji mwepesi. Sindano inauma, nachoma makusudi. Sichomi makusudi. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Siku hizi ndiyo huchomi makusudi."

Upepo umegeuza antena tena. Nikapanda matofali. Yeye dirishani, "Kulia! Kulia, kiziwi wewe!" Mama Getruda akanitazama kutoka kwake, akatikisa kichwa. Anadhani namvumilia mtu mbaya. Hajui tuko wawili.

Nimemwambia Omari nataka kufungua cherehani hapa hapa nyumbani, barazani. Akasema mama atasumbuka na kelele. Mama akasema kutoka chumbani, "Mwache ashone. Akikaa bure anafikiria mambo." Omari hakuelewa. Akakubali.

Jumapili, 1 Septemba

Umeme umekatika tangu adhuhuri, mtaa mzima. Kimya mpaka unasikia kuku wakichakura kwa jirani. Omari yuko msibani Mlandizi.

Nilimtoa mama barazani, upande wenye kivuli. Tulikaa. Baadaye akauliza kama mama yangu yu hai. Nikasema alifariki mimi mdogo, Kondoa, sikumbuki sauti yake. Akasema, "Haya."

Kisha akasema kucha zake zimekuwa ndefu, zinakwaruza shuka.

Nikaleta mkasi mdogo na bakuli la maji ya vuguvugu. Ule mguu uliokatwa, Omari aliwahi kuniambia, ulianza na mkato mdogo wa wembe, pembeni ya ukucha. Haukupona. Ukapanda. Kila mtu humu ndani analijua hilo, na yeye kuliko wote.

Nikakaa chini kwenye mkeka. Akavuta kanga juu kidogo. Akanitazama mimi, akatazama mkasi. Halafu akaniwekea mguu mapajani.

Nilikata taratibu, ukucha kwa ukucha. Sikugusa nyama. Nilipomaliza alikuwa amelala, kinywa wazi. Sikuutoa mguu. Nilikaa hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya ghorofa la jirani.